Mlango wa Gereji: Kabla Hujanunua Mashine Mpya, Vuta Kamba Nyekundu

Asubuhi moja ya Februari 2021 jirani yangu alinipigia simu kabla ya saa kumi na mbili. Ni muuguzi, mzaliwa wa Kisii, na zamu yake hospitalini huanza saa moja kamili.

"Kaka, samahani kwa kukuamsha. Umeme umekatika, mlango wa gereji umegoma, na gari limo ndani."

Ilikuwa ile wiki ya baridi kali iliyoikumba Texas, nyumba zaidi ya milioni 4 zikakaa bila umeme. Huku kwetu, baina ya Dallas na Fort Worth, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Nilivaa kila nguo niliyoiona mbele yangu, nikachukua tochi, nikavuka barabara.

Karibu kila mashine ya kufungulia mlango wa gereji ina kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli ya darini. Ukiivuta, mlango unaachana na mashine na unaweza kuuinua kwa mikono. Dada yangu yule alikuwa amekaa na kamba hiyo miaka mingi akidhani ni ya kufungia kitu fulani. Niliivuta, tukashika mlango wawili, tukainua. Ulipanda shubiri moja ukatushinda. Nikamulika tochi juu ya fremu, nikaona kilichotokea: springi nene iliyozungushiwa chuma kilicholala juu ya mlango ilikuwa imekatika, vipande viwili, na katikati pengo la vidole vitatu. Tuliurudisha mlango chini taratibu. Nikampeleka kazini kwa gari langu, tukitambaa juu ya barafu.

Umeme uliporudi, alimwita fundi wa kampuni aliyoiona kwenye tangazo. Fundi alitazama kwa dakika kumi, akaandika dola 1,450: mashine mpya, reli mpya, springi mpya, rola mpya. Akamwambia mashine yake ni ya mwaka 2009, imezeeka, ndiyo iliyouharibu mlango. Kwa bahati hakutia saini. Fundi wa pili alibadilisha springi zote mbili kwa dola 290, akabonyeza kitufe, mlango ukapanda. Mashine ile ile ya 2009 inafanya kazi mpaka leo ninapoandika.

Wengi wetu tuliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki hatukukulia na milango hii. Kwetu Tanga gari likifika unapiga honi, mtoto anakimbia kufungua geti. Kwa hiyo hapa tunaona sanduku linalonguruma darini, tunaona mlango unapanda, tunaamini kwamba sanduku ndilo linaloinua. Silo. Mlango wa chuma wa gereji ya magari mawili, upana futi 16 na urefu futi 7, mara nyingi una uzito wa kilo 70 na kuendelea. Uzito huo unabebwa na springi. Fundi anapofunga mlango huzisokota springi mpaka nguvu iliyojaa ndani yake ilingane na uzito wa mlango, na ikishalingana hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuuinua. Mashine kazi yake ni kuusukuma na kuuongoza tu. Ndiyo maana mota ya nusu hosipawa ilitosha kwenye nyumba nyingi kwa miaka na miaka, na ndiyo maana nakusihi usimsikilize muuzaji anayekuambia mlango wako mzito unahitaji mashine kubwa zaidi dukani. Mlango ukiwa mzito mkononi, springi ndizo zilizochoka. Mashine kubwa italazimisha kwa muda, kisha itakufa na yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, fanya jaribio hili. Funga mlango mpaka chini kabisa, kisha vuta kamba nyekundu. Usiivute mlango ukiwa juu, maana kama springi imekatika mlango utaanguka kwa uzito wake wote. Sasa inua kwa mkono mpaka usawa wa kiuno, halafu legeza taratibu, mikono ikiwa tayari. Ukibaki hapo hapo, springi ni nzima, na kama kuna tatizo liko kwenye mashine. Ukishuka, springi zimelegea. Ukipaa wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Jaribio hili ni la bure, na dada wa Kisii angelijua angejiepusha na yule fundi wa kwanza.

Springi za kawaida hutengenezwa zihimili mizunguko 10,000, kufungua na kufunga ukihesabu mzunguko mmoja. Familia inayotumia mlango mara nne kwa siku huimaliza hesabu hiyo kabla ya miaka saba. Kuzibadilisha huku kwetu ni dola 200 hadi 350, kazi ikiwemo, na hiyo ni gharama moja ambayo sikushauri kamwe uikwepe kwa kujifanyia mwenyewe. Springi iliyosokotwa ikikuponyoka inavunja mkono. Mwite fundi, na mwambie abadilishe zote mbili kwa pamoja, kwa sababu iliyobaki ina umri ule ule.

Tuseme springi ni nzima. Bado si lazima ununue. Mashine nyingi zinazotupwa zina ugonjwa mdogo. Ukisikia mota inazunguka lakini mnyororo hausogei, fungua kifuniko. Ukikuta unga mweupe wa plastiki, giya ndiyo iliyolika. Giya mpya na vifaa vyake ni dola 20 hadi 40, na mtu mwenye bisibisi na subira anaimaliza kwa saa mbili au tatu. Mlango ukianza kushuka kisha unarudi juu huku taa ikipepesa, tazama yale macho mawili ya usalama karibu na sakafu: buibui, vumbi, au ufagio umeligonga moja likapinda. Yafute, yaelekezane, basi. Rimoti ikifanya kazi ukiwa karibu tu, badilisha betri kwanza. Kisha itazame balbu iliyo kwenye mashine, kwani baadhi ya balbu za LED huvuruga mawimbi ya redio. Nimewahi kuponya rimoti ya rafiki kwa kuchomoa balbu.

Bodi ya umeme ndiyo inayoleta mgogoro. Ikiungua, mpya ni dola 80 hadi 130. Kwa mashine ya miaka mitano ningeinunua. Kwa mashine iliyopita miaka 15 nisingeinunua, kwa sababu unaweka moyo mpya kwenye mwili uliochakaa. Na kwa wenye mashine za zamani za Craftsman zilizouzwa na Sears: nyingi zilitengenezwa na Chamberlain, kwa hiyo usikate tamaa dukani ukiambiwa vipuri vimekwisha. Ulizia vya Chamberlain au LiftMaster vya umbo lile lile.

Yote hayo ni hoja za kutengeneza, na mimi ni mtu wa kutengeneza. Lakini ipo mashine moja ambayo sitakubali mtu aitengeneze hata kwa bure, nayo ni ile isiyo na macho.

Kisa cha jirani kilinifanya nikaikague ya kwangu. Nyumba yetu ilijengwa miaka ya 1980, na mashine tuliyoirithi ilikuwa nzito, yenye nguvu, haijawahi kugoma. Nilikuwa naisifu. Nililaza ubao mnene wa kama sentimita 4 sakafuni, katikati ya njia ya mlango, nikabonyeza kitufe. Mlango unapaswa kuugusa ubao na kurudi juu mara moja. Wa kwangu uligusa ubao, ukaendelea. Niliiona reli ya darini ikipinda kama upinde, mota ikinguruma, mlango ukikandamiza. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu wakati huo, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kupita chini ya mlango huo unaposhuka, akicheka. Nilichomoa plagi saa ile ile. Kwa siku tano tulifungua kwa mikono.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa makaburi ya watoto. Baada ya makumi ya watoto kufa wakibanwa na milango ya kujifunga, bunge la nchi lilipitisha sheria mwaka 1990, na tangu Januari 1, 1993 kila mashine ya nyumbani inayotengenezwa kwa soko la huku lazima iwe na kinga ya ziada dhidi ya kubana mtu. Kwenye nyumba nyingi kinga hiyo ni yale macho mawili yanayotazamana, yasizidi inchi 6 kutoka sakafuni. Lakini sheria hiyo ilihusu mashine mpya. Haikumlazimisha mtu kung'oa ya zamani, na chuma cha zamani kilikuwa imara, kwa hiyo bado zimo darini kwa watu. Kama ya kwako haina macho, au kama mtu aliyefunga ameyafunga yote mawili pamoja juu ya dari yakitazamana ili yasisumbue, hesabu ya gharama haina nafasi hapo. Ibadilishe.

Mashine hizo za zamani zina kasoro nyingine inayomhusu hata asiye na mtoto. Ukiifungua rimoti yake utaona safu ya vijiti vidogo, 8 hadi 12, vya kusukuma juu au chini. Hiyo ndiyo namba yake ya siri, na haibadiliki. Vijiti 12 vinatoa namba 4,096 tu. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha kwamba kichezeo cha watoto kilichotengenezwa na Mattel, akikirekebisha kidogo, kingeweza kuzijaribu namba zote na kufungua mlango wa aina hiyo kwa chini ya sekunde 10. Mashine zilizofuata hubadilisha namba kila unapobonyeza.

Haya, sasa uko dukani. Bei nitakazotaja ni za huku ninakoishi, za mashine peke yake.

Ya mnyororo ni dola 170 hadi 230. Ni imara, inavumilia joto la gereji zetu ambalo Agosti linapita nyuzi 40, na ina kelele. Ya mkanda, ambayo mahali pa mnyororo ina ukanda wa mpira uliotiwa nyuzi za chuma au nyinginezo, ni dola 220 hadi 350. Ya ukutani, isiyo na reli kabisa, inayofungwa kando ya mlango na kuzungusha kile chuma cha springi moja kwa moja, ni dola 400 hadi 600. Hiyo ya mwisho ni nzuri kwa mwenye dari iliyo juu au anayetaka nafasi ya juu aweke rafu, lakini haiendi na kila mlango, na inataka springi zilizosawazishwa vizuri sana. Kwa nyumba ya kawaida sioni sababu ya kuilipia.

Shindano lenyewe ni kati ya mnyororo na mkanda, na hapa naomba ndugu zangu mfikirie saa zenu za kazi kabla ya bei. Jumuiya yetu imejaa wauguzi, wahudumu wa wazee, madereva na walinzi. Tunarudi saa sita usiku, tunaondoka saa kumi alfajiri. Nyumba nyingi za huku zimeweka chumba cha kulala juu ya gereji. Mnyororo unatetemesha mbao za dari, na mbao zinapeleka mtetemo kitandani. Mtoto anaamka, mwenzi wako aliyelala saa mbili tu anaamka. Tofauti ya dola 70 ukiigawanya kwa miaka kumi na mitano ni chini ya dola 5 kwa mwaka. Kama gereji imeshikana na nyumba, chukua mkanda. Kama imejengwa peke yake uani, mnyororo unatosha na usione aibu kununua cha bei ndogo.

Tazama pia mota ni ya umeme wa aina gani. Za AC huanza kwa kishindo na kusimama kwa kishindo. Za DC huanza polepole, huongeza mwendo, na kupunguza mlango ukikaribia mwisho, jambo linalopunguza kelele na kuupumzisha mlango wenyewe. Nyingi za mkanda siku hizi ni DC, na hizo ndizo zinazoweza kubeba betri ya akiba.

Betri ya akiba ndiyo nyongeza ninayoitetea kuliko zote. California waliifanya kuwa sheria: tangu Julai 1, 2019 mashine mpya inayouzwa au kufungwa nyumbani kule lazima iwe nayo, baada ya mioto ya Oktoba 2017 ambapo umeme ulikatika na baadhi ya watu, hasa wazee, wakashindwa kuifungua milango yao wakimbie. Texas haituamuru, lakini Februari 2021 ilitufundisha. Ukiishi na mzazi aliyekuja kutoka nyumbani kukulelea wajukuu, ambaye hana nguvu ya kuinua mlango na hajui kamba nyekundu ni ya nini, nunua yenye betri. Ujue tu kwamba betri inachoka, na joto la gereji linaiua upesi. Tenga dola 30 hadi 60 za kuibadilisha kila miaka miwili au mitatu. Na kama gereji haina mlango mwingine wa kuingilia, hakikisha kuna kufuli ya dharura ya kufungulia kutoka nje, maana kamba nyekundu iko ndani.

Kuhusu kuunganisha na simu, mashine nyingi za leo huja na waifai tayari. Ni faida kwa anayetaka kumfungulia shemeji akiwa kazini, au kuhakikisha mlango ulifungwa. Lakini usilipe zaidi kwa ajili yake, na usijenge maisha yako juu ya programu ya kampuni. Mwaka 2023 Chamberlain iliufungia mfumo wake wa myQ dhidi ya programu za watu wengine, na waliokuwa wamezoea kuziunganisha nyumbani mwao wakajikuta wamekatiwa njia.

Majina yasikusumbue sana. Chamberlain na LiftMaster ni kampuni moja: la kwanza unalikuta madukani, la pili kwa mafundi. Genie ni ya Overhead Door, kampuni iliyoanzishwa na C. G. Johnson, aliyetengeneza mashine ya umeme ya kufungulia milango mwaka 1926 kule Hartford City, Indiana. Zote mbili zina mashine nzuri. Ninachokiangalia ni kama vipuri vinapatikana karibu na waranti ya mota na mkanda ni ya miaka mingapi.

Gharama zinazowashtua watu ni zile zisizoandikwa kwenye boksi. Kodi ya mauzo huku ni hadi asilimia 8.25. Reli ya kwenye boksi ni ya mlango wa futi 7. Wa kwako ukiwa futi 8 unanunua kipande cha kuongezea. Rimoti ya ziada ni dola 30 hadi 50, na kibao cha namba cha nje kadhalika. Wenye magari yenye vitufe vya HomeLink vya kabla ya 2011 hivi wakumbuke kwamba huenda visizungumze na mashine mpya za Chamberlain bila kifaa cha kati. Kama dari haina soketi, utamlipa fundi umeme. Usipitishe waya wa kuungia. Kazi ya kufunga ni dola 150 hadi 250.

Mimi nililipa dola 289 kwa mashine ya mkanda yenye mota ya DC na betri, na kodi dola 23.84. Jumla 312.84. Nilifunga mwenyewe nikisaidiana na rafiki, tukaanza saa tatu asubuhi tukamaliza saa nane, na sehemu iliyotuchelewesha ilikuwa kuyalinganisha yale macho mawili. Usiku wa kwanza mke wangu aliporudi kazini, hakuna aliyeamka.

Jambo moja kwa wanaojaza makontena. Usiipeleke mashine hii nyumbani. Ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Tanzania ni 230 na Kenya 240. Tena mageti yetu mengi ni ya kuteleza au ya mbawa mbili, na mashine ya reli ya darini haina pa kushika. Geti la umeme lina mashine yake, inunue kule kule, pamoja na fundi atakayeihudumia.

Kama una mlango huu nyumbani, leo jioni kabla watoto hawajarudi laza ubao sakafuni na ubonyeze kitufe. Kisha uupitishe ufagio mbele ya macho mlango ukiwa unashuka. Mara zote mbili unapaswa kusimama na kurudi juu. Usiporudi, chomoa plagi, fungua kwa mikono, na usiirudishe mpaka imetengenezwa au imebadilishwa.